Sekunde 47 usiku wa Ijumaa: kisa cha video fupi kuhusu trauma

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha kituo kidogo cha ushauri nasaha katika mji mmoja nchini Tanzania. Mji hautajwi, umri na siku vimebadilishwa. Maneno ya waliochangia yameandikwa upya na kilichobaki ni maana tu, kwa sababu sentensi iliyonakiliwa kama ilivyo huweza kutafutwa mtandaoni ikampeleka msomaji moja kwa moja kwa aliyeiandika.

Kinawahusu washauri nasaha, walimu wa malezi, watangazaji na yeyote anayetengeneza video fupi za afya ya akili kwa Kiswahili.

Usuli

Kituo kilikuwa na washauri nasaha watatu, mwanasaikolojia tiba anayekuja siku mbili kwa wiki, na vijana wawili wa kujitolea walioshika akaunti ya TikTok. Kwa miezi kadhaa walikuwa wakiweka video za usingizi, msongo wa mawazo na malezi. Watazamaji walikuwa wachache, maoni matatu au manne, mengi yakiwa "asante dokta". Hakukuwa na utaratibu wowote ulioandikwa wa kusimamia maoni, maana haukuwahi kuhitajika.

Mmoja wa vijana hao aliona jinsi video za Kiingereza kuhusu trauma, yaani jeraha la akilini linaloachwa na tukio la kutisha, zinavyotazamwa, akaamua kutengeneza ya Kiswahili. Nia yake ilikuwa njema, na alijua kuhariri. Mshauri mmoja aliisikiliza kwa simu akiwa njiani kwenda nyumbani, akasema iko sawa. Ikawekwa Ijumaa saa 12 jioni, kituo kikiwa kimefungwa hadi Jumatatu.

Video ilikuwa hivi:

Sekunde 0 hadi 3: "Kama una dalili hizi tano, una trauma na hujui."

Sekunde 4 hadi 38, dalili zenyewe: kusahausahau, kuchoka bila sababu, kuomba msamaha hata usipokosa, kushindwa kusema hapana, kucheka wakati umeumia. Katikati ya orodha hiyo, kwa kupitia tu, kijana alisema: "Trauma si wendawazimu, na inatibika."

Sekunde 39 hadi 47: "Ipi imekugusa? Niandikie hapo chini yaliyokupata utotoni. Nasoma yote."

Namba ya simu ya kituo iliandikwa kwenye maelezo chini ya video. Kwenye picha yenyewe haikuwepo.

Mfululizo wa matukio

Saa 2 usiku video ilikuwa imeshapita mbali na wafuasi wa kituo. Maoni ya mwanzo yalikuwa mepesi: "zote tano ni mimi", "umeniongelea", vicheko. Kufika saa 4 yalibadilika. Watu wazima walianza kusimulia vipigo, kufiwa na mzazi mapema, kulelewa kwa ndugu na kunyanyaswa. Wengine waliandika aya tatu kwa kuigawa kwenye maoni kadhaa, maana nafasi ya oni moja ni ndogo. Chini ya simulizi hizo, wengine waliandika pole, wengine walitania.

Saa 5:40 usiku, mtumiaji mmoja aliandika sentensi moja: "Na kama bado yanaendelea, mtu afanyeje?"

Hiyo sentensi ndiyo kiini cha kisa. Picha ya akaunti ilimwonyesha msichana aliyevaa sweta la shule, nembo ikisomeka. Tutamwita B. Usiku ule alipata majibu 19. Mengi yalikuwa mioyo na "pole mdogo wangu". Wawili walimtaka amtaje mhusika hapohapo. Akaunti tatu tofauti, mbili zisizo na picha wala video, zilimwandikia aje inboksi wamsaidie. Saa 6 kasoro mtu mmoja aliandika jina la shule, akamteki mwanafunzi mwingine: "si yule wa darasa lenu?"

Kijana wa kujitolea alifungua simu Jumamosi saa 1:15 asubuhi. Alikuwa ameahidi kusoma yote, akaanza kusoma kutoka juu. Alimfikia B baada ya karibu saa nzima.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa kwanza: kumjibu B hadharani, "Pole sana, tuandikie inboksi." Kijana alifanya anachofanya kila mtu. Lakini TikTok haimruhusu mwenye akaunti aliye chini ya miaka 16 kutumia ujumbe wa faragha, na B alikuwa na miaka 15, tena alikuwa amejiandikisha kwa umri wake wa kweli. Mlango alioelekezwa haukuwepo kwake. Saa mbili zikapita, kituo kikidhani kwamba ameogopa.

Uamuzi wa pili: kijana alipiga picha ya skrini, akaituma kwenye grupu la WhatsApp la kituo akiomba msaada. Grupu lilikuwa na watu 11, wakiwemo mlinzi, mhasibu na mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi. Picha ilionyesha jina la akaunti, uso na nembo ya shule. Kwa hofu aliyokuwa nayo asubuhi ile ni rahisi kumwelewa, lakini hapo taarifa za siri za mtoto zilikuwa zimeingia kwenye simu 11.

Uamuzi wa tatu ulifanywa na mkuu wa kituo saa 4 asubuhi, na kuanzia hapo mambo yalikaa sawa. Aliagiza picha ifutwe kwenye grupu na kila aliyeipata athibitishe kwa simu kwamba ameifuta. Akabakiza watu wawili tu kwenye suala hilo. Mmoja aliandika kwenye karatasi jina la akaunti, kiungo cha video, saa ya oni na majina ya zile akaunti tatu. Baada ya kumaliza ndipo wakafuta oni la B, na majibu yaliyokuwa chini yake yakaondoka nalo. Akaunti tatu za "njoo inboksi" zilizuiwa na kuripotiwa. Maoni ya video yote yakafungwa.

Kulikuwa na ubishi kuhusu kufuta. Mshauri mmoja alisema B ataona sentensi yake imeondolewa, na mtoto anayeumizwa tayari amezoea kutosikilizwa. Hoja hiyo ina uzito. Wakakubaliana wafute, ila papo hapo wamjibu kwa njia nyingine. Saa 5 asubuhi iliwekwa video ya sekunde 20, uso mmoja, sauti ya chini, bila muziki:

"Kuna swali tumeulizwa: na kama bado yanaendelea, mtu afanyeje? Kwanza, kosa si lako. Pili, usiandike jina lako wala la mtu hapa mtandaoni. Tatu, piga 116, ni bure, ni simu ya watoto. Kama simu si yako, azima ya mwalimu au jirani unayemwamini."

Namba 116 ilikaa juu ya skrini sekunde zote 20. Hawakumtaja B, hawakusema ni msichana, hawakusema ni mwanafunzi.

Uamuzi wa nne: kutoa taarifa. Mshauri mmoja alisita kwa sababu ya usiri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haiachi nafasi ya kusita: mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa anawajibika kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Walipiga 116 wenyewe, kisha wakampigia afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Walimsomea yaliyo kwenye karatasi. Picha hawakumtumia.

Matokeo

Afisa ustawi alikwenda shuleni Jumatatu kupitia kwa mwalimu wa malezi. Hawakumwita B peke yake mstarini. Waliitwa wanafunzi wanane wa kidato cha pili, mmoja mmoja, kwa mazungumzo ya kawaida ya malezi, na B akawa wa tano. Alizungumza. Suala lilifika Dawati la Jinsia na Watoto polisi, naye akahamia kwa ndugu wa upande wa mama. Alianza vikao na mshauri nasaha wiki hiyohiyo.

Alieleza baadaye kwamba video ya sekunde 20 aliiona Jumamosi mchana, akajua anayejibiwa ni yeye. Hakupiga 116. Simu aliyokuwa akitumia ilikuwa ya mtu aliyekuwa akimwogopa, na orodha ya simu zilizopigwa hukaguliwa. Alisubiri Jumatatu amtafute mwalimu. Mwalimu ndiye aliyemtafuta.

Kilichoharibika hakikurudi. Picha ya oni lake ilikuwa tayari kwa wanafunzi wenzake tangu usiku wa Ijumaa. B alikaa nyumbani wiki tatu kwa aibu, kisha akahamishwa shule. Kwa mtoto ambaye hakuwa na kosa lolote, hiyo ni adhabu, na sehemu yake ilitoka kwenye video iliyokusudiwa kumsaidia.

Kituoni walikuja watu sita wapya wiki ile. Wawili wanatosha kuonyesha video ilivyofanya kazi na ilivyopotosha.

Dereva wa bodaboda aliyepata ajali miezi minne nyuma. Kila akisikia honi ya lori alirudi kwenye ile sekunde ya kugongwa: harufu ya mafuta, lami usoni. Alikuwa ameuza pikipiki, na njiapanda ya ajali aliizunguka kwa miguu, robo saa zaidi. Alisema wazi kwamba zile dalili tano hazikumhusu hata moja. Kilichomleta ni maneno yale ya kupitia tu: si wendawazimu, na inatibika.

Mama wa mtoto wa miezi minne. Yeye zote tano zilimhusu, akaja akiwa na hakika kwamba ana trauma ya utotoni na kwamba mama yake mzazi ndiye chanzo. Walikuwa wameshakosana kwa simu. Tathmini ilionyesha mtu anayelala saa tatu kwa usiku, vipande vipande, na kipimo cha damu alichotumwa kufanya kilionyesha upungufu. Alipata vidonge vya madini ya chuma, na mume akapewa zamu ya usiku. Ugomvi na mama yake ulichukua muda mrefu zaidi kutulia kuliko uchovu.

Uchambuzi: dalili tano ambazo si dalili

Toleo la 11 la mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, WHO, lililoanza kutumika Januari 2022, linataka mambo matatu yawepo pamoja baada ya tukio la kutisha au la kuhatarisha maisha, ndipo mtu ahesabiwe kuwa na ugonjwa unaotokana na trauma (kwa Kiingereza PTSD). La kwanza, tukio linajirudia kana kwamba linatokea sasa, kwa picha za ghafla au jinamizi. La pili, mtu anakwepa mawazo, watu au mahali panapomkumbusha. La tatu, mwili unabaki kwenye tahadhari kana kwamba hatari bado ipo. Yote hayo yadumu kwa wiki kadhaa na yavuruge maisha ya kila siku. Dereva wa bodaboda anayo yote matatu. Orodha ya video haina hata moja.

Kwa nini basi watu wengi walijiona? Kwa sababu maelezo yalikuwa mapana kiasi cha kumfaa kila mtu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani ni yake peke yake, kumbe wote walipewa karatasi ileile. Waliyapa wastani wa takribani 4.3 kati ya 5 kwa usahihi. Aliyechoka, anayesahau na asiyeweza kukataa yuko kila nyumba.

WHO inakadiria kuwa karibu asilimia 70 ya watu duniani hupitia tukio la aina hii maishani, na asilimia 5.6 tu ya hao ndio wanaofikia ugonjwa wenyewe. Wengi hupona, kwa muda na kwa watu wao. Video inayoanza na "una trauma na hujui" inamnyima mtazamaji taarifa hiyo, na ndiyo taarifa ya matumaini kuliko zote.

Kuna tatizo jingine, la tafsiri. "Kushindwa kusema hapana" na "kuomba msamaha hata usipokosa" vimetoka kwenye video za Kiingereza, vikabeba desturi za nyumba za huko. Kwa Waswahili mtoto wa kike huitika "abee", hakatai wito wa mkubwa, na anayepita mbele ya wazee huomba radhi. Hayo ni malezi. Mtu akiambiwa ni ugonjwa, ataanza kuwatazama wazazi wake kama washitakiwa, kama alivyofanya yule mama. Alama ya kweli ni woga: anayenyamaza kwa adabu mbele ya mjomba, na anayenyamaza kwa sababu mwili wake unatetemeka mjomba akiingia, hao ni watu wawili. Video ilipaswa kueleza tofauti hiyo.

Neno pia lilisumbua. Kijana alitumia "trauma" kwa sababu vijana ndilo wanalolitumia. Watazamaji wakubwa waliuliza kama ni kiwewe. Kiwewe wanakijua: mtu anapopigwa na butwaa akakosa la kufanya, kisha linapita. Kwa hiyo ukisema "kiwewe" peke yake wengi husikia kitu cha muda. Kituo sasa hutumia maelezo kwanza, "mshtuko uliokataa kuisha", ndipo hutaja trauma.

Uchambuzi: maneno mawili, "Nasoma yote"

Hapa ndipo kosa kubwa lilipo, kubwa kuliko orodha mbovu. Orodha mbovu hupotosha, na mtu anaweza kurekebishwa. Mwaliko wa kusimulia hadharani huwezi kuufuta ukishajibiwa.

Mwongozo wa WHO wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, wa mwaka 2011, una hatua tatu: angalia, sikiliza, unganisha. Unakataza kumsukuma mtu asimulie yaliyompata. WHO pia haipendekezi kuwakalisha watu waliopatwa na tukio karibuni ili waseme yote kwa mara moja, kwa sababu hakuna faida iliyoonekana. Sehemu ya maoni iliyofunguliwa usiku bila mwangalizi ni mbaya kuliko kikao hicho: msimuliaji hana mtu mbele yake, wasikilizaji hawajulikani, na maneno yanabaki yameandikwa. Tiba zinazomrudisha mtu kwenye tukio zipo, na zinafanya kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, huko Moshi na Bungoma nchini Kenya, ulitumia washauri wa kawaida wasio wataalamu wa afya ya akili. Lakini walifundishwa, walisimamiwa, na mtoto aliandaliwa kwa vikao kadhaa kabla ya kugusa simulizi yake. Kidonda hakitoneshwi kabla dawa haijawekwa mezani.

"Nasoma yote" ilikuwa ahadi. B aliiamini saa 5:40 usiku. Ikajibiwa na akaunti zisizo na picha.

Uchambuzi: namba iliyopotea njiani

Video nzuri huondoka TikTok ndani ya saa chache. Hupakuliwa, ikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, na huko hufika bila maelezo ya chini na bila oni lililobandikwa juu. Kila msaada uliowekwa nje ya picha huanguka njiani. Namba lazima iwe ndani ya picha, theluthi ya juu, maana chini hufunikwa na maandishi ya programu na kulia hufunikwa na vitufe. Ikae angalau sekunde 10, na isemwe kwa sauti pia, kwa asiyesoma.

Kilichofanya kazi

Video ya sekunde 20 ndiyo kazi bora ya kisa hiki. Ilimjibu mtu mmoja bila kumwonyesha, na ilitoka siku ileile. Kuandika kwenye karatasi kabla ya kufuta kulihifadhi ushahidi. Kuwaita wanafunzi wanane badala ya mmoja kulimlinda B dhidi ya macho ya shule nzima, na hilo lilitokana na busara ya mwalimu wa malezi.

Pengo la ushauri wa 116 limeshazibwa: sasa kila video inaongeza kwamba simu iliyopigwa hubaki kwenye orodha ya simu, kwa hiyo ifutwe au itumike simu ya mtu mwingine.

Utaratibu uliofuata

Video za mada hii huwekwa Jumanne saa 3 asubuhi, kamwe si Ijumaa. Hati ya maneno husomwa na mwanasaikolojia tiba, kwa macho na si kwa simu barabarani. Maoni yote huwekwa kwenye kichujio, yaani hayaonekani mpaka yapitishwe, na kuanzia saa 4 usiku hadi saa 1 asubuhi hufungwa kabisa. Maneno yanayozuiwa ni pamoja na "inboksi", "inbox", "inbx", "dm" na "namba yako", kwa sababu wanaowinda watoto huandika kwa vifupisho. Kuduweti, yaani mtu kuweka video yake kando ya yako, na kupakua huzimwa, ingawa anayetaka atarekodi skrini tu.

Anayesoma maoni hukaa saa mbili, kisha anampokeza mwenzake. Kijana wa kwanza alikuwa amesoma zaidi ya simulizi mia mbili asubuhi moja, na kwa wiki mbili hakulala vizuri. Alipewa mshauri kutoka kituo kingine, asiyemjua.

Jibu la kuandika ni moja, na halibadilishwi: "Asante kwa kutuamini. Hapa panasomwa na wengi, tafadhali usiandike zaidi. Tupigie namba iliyo kwenye video. Kama una chini ya miaka 18, piga 116 bure." Likitumwa, oni la mtoto huandikwa kwenye daftari linalofungiwa, kisha hufutwa ndani ya dakika 10.

Sentensi ya kufungia video sasa ni hii: "Huhitaji kumsimulia mtu yeyote leo."

Video ya sekunde 47 ilifutwa TikTok Jumanne iliyofuata. Kwenye magrupu ya WhatsApp bado inazunguka, ikiwa na nembo ya kituo na bila namba hata moja. Ndiyo maana dada wa mapokezi humuuliza kila mgeni mpya amekijua kituo kupitia wapi, na akisema "kuna video nilitumiwa", humpeleka kwa mshauri kabla ya kumpa fomu ya kujaza.